Keki ya kupeleka kwa jirani: nimejibu maswali yenu

Tangu niandike kwamba kila Jumamosi naoka keki mbili, moja ya nyumbani na moja ya kutoa, maswali yamekuwa mengi. Nimechagua sita. Mlioniuliza bei ya keki ya harusi mnisamehe, hilo si la safu hii.

Sina oveni, nina jiko la mkaa tu. Nataka kumwokea keki mama mwenye nyumba aliyeniuguzia mtoto. Inawezekana? (Msomaji, Mbagala)

Inawezekana, na usilionee haya jiko lako. Keki ya kwanza niliyoila maishani ilikuwa mkate wa mayai wa bibi yangu, na bibi hakuwahi kumiliki oveni.

Chukua sufuria kubwa, mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili, bandika jikoni na ufunike. Uache ushike moto kama robo saa huku ukitayarisha mchanganyiko. Kipimo cha kuanzia hakisumbui kichwa: robo kilo ya unga, robo ya sukari, robo ya siagi, mayai matano. Yai likishavunjwa lina kama gramu 50, kwa hiyo matano nayo ni robo, na kila kitu kimelingana. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zipauke na mkono uchoke, tia yai moja moja, halafu unga uliochekechwa pamoja na beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, na iliki ya kutwanga. Unga ukishazama, acha kukoroga. Ukiendelea keki inakuwa ngumu.

Mimina kwenye sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kunyunyiziwa unga, uikalishe juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa au sinia, kisha palia makaa juu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu chini sufuria inagusana na mchanga wa moto, ilhali juu keki inategemea joto la hewa tu. Ukigawa makaa sawasawa utapata chini imeungua na juu uji. Acha makaa matatu au manne chini, mengine yote yapande juu. Nusu saa ya kwanza usifunue, hata harufu ikikuita. Zikifika dakika 40 hivi, chomeka ujiti wa chelewa (mpya, si wa ufagio wa uani). Ukitoka mkavu, epua. Mchanga uweke kwenye kopo, utautumia hata mwakani.

Mama mwenye nyumba mpelekee keki nzima. Usikate kipande cha kuonja, na tafadhali usimwambie kwamba ulikuwa unajaribu tu.

Nilipokuwa Tanga keki yangu iliumuka vizuri. Nimehamishiwa Mbeya, kipimo kile kile, oveni ile ile, inapanda halafu inabonyea katikati. Wenzangu ofisini wanaila kwa huruma. (Msomaji, Mbeya)

Mkono wako hauna kosa, mwenye kosa ni mlima. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Tanga iko baharini kabisa. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo gesi ya beking pauda inavimba upesi, keki inapanda kabla unga na mayai havijashikana vya kutosha kuibeba, kisha inaanguka. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana hata maharage yanakumalizia mkaa. Punguza beking pauda kwa robo, toa kijiko kimoja cha sukari, ongeza vijiko viwili vitatu vya maziwa, na kama ulikuwa unaokea nyuzi 180, panda hadi 190. Wenzako hao endelea kuwapelekea. Watu wanaokula keki iliyobonyea bila kusema neno si wa kuwaacha.

Jirani yangu amefiwa na mume. Nipeleke keki msibani? (Msomaji, Morogoro)

Mimi nilishapeleka. Nilikuwa mgeni mtaani, nikafika na keki yenye krimu na maua ya waridi, nimeishika mbele kama bibi harusi. Mama mmoja mtu mzima akanipokea mlangoni, akavua kanga yake ya mabegani, akaifunika keki na kuiingiza chumbani kimyakimya. Hakunisema hata neno. Siku ya tatu nikaiona jikoni, krimu imekwanguliwa yote, vipande vimepangwa kwenye sinia kama vitafunwa vya kawaida, watoto wanaila kwa chai ya rangi. Mpaka leo nikiona kanga ya mtindo ule naona aibu.

Kwetu keki yenye pambo ni ya shangwe: harusi, kipaimara, siku ya kuzaliwa. Msibani peleka sukari, majani ya chai, mchele na rambirambi yako, halafu jifunge kanga uingie jikoni kuosha vyombo. Keki isubiri. Matanga yakishaanuliwa, turubai likishushwa na viti vya kukodi vikirudishwa, nyumba ile itanyamaza ghafla. Wiki ya tatu au ya nne hivi hakuna tena anayebisha hodi. Hapo ndipo uoke keki kavu, isiyo na krimu, uende saa kumi jioni, mkae mnywe chai. Akitaka kumzungumzia marehemu, sikiliza. Akitaka kuzungumzia bei ya vitunguu, ongeeni vitunguu. Mambo ya mirathi usiyaguse.

Mimi ni Mkristo, nataka kumwokea jirani yangu Mwislamu keki ya Idi. Nimesikia vanila ina pombe. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Arki halisi ya vanila hupatikana kwa kuloweka maganda ya vanila kwenye alkoholi, kwa hiyo ndiyo. Vichupa vingi vya dukani ni ladha ya kutengenezwa kiwandani. Baadhi vina alkoholi na vingine havina, soma lebo. Lakini ya nini kumwekea mtu shaka kwenye sahani yake? Tumia iliki na ganda la limau lililokwaruzwa, itanukia hadi barazani. Na kama sufuria yako imewahi kukaanga kitimoto, azima nyingine. Ukifika mwambie kilichomo kabla hajauliza, maana yeye ataona haya kuuliza.

Baba mkwe ana kisukari. Nimwokee keki ya asali badala ya sukari?

Hapana. Asali nayo ni sukari, na hata unga mweupe hugeuka sukari mwilini. Muulize mama mkwe daktari ameruhusu nini, umpelekee hicho. Karanga za kukaanga zilizofungwa vizuri ni zawadi tosha.

Nilimpelekea jirani keki kwenye kontena langu zuri la plastiki. Huu mwezi wa pili hajalirudisha. Nimdai? (Msomaji, Temeke)

Usimdai kwanza. Sisi wa pwani tumelelewa kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Huenda kontena lako limeshaoshwa, limekaa juu ya kabati, na kila akilitazama anawaza atatia nini ndani, na mwezi huu mambo yake yamebana. Ukilidai, unamlazimisha alirudishe tupu mbele ya watoto wake. Safari ijayo peleka keki kwenye sahani ya zamani au jani la mgomba lililobabuliwa motoni, uokoe roho yako.

Bakuli langu la bluu lilikwenda nyumba ya tatu mwezi wa nne. Juzi limerudi na kisamvu cha nazi, cha moto bado, na mtoto aliyelileta ameambiwa asubiri arudi na bakuli jingine.