Present: albamu ya marudiano iliyostahili kurekodiwa

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama bendi iliyovunjika zamani, inapoungana tena na kutoa albamu mpya, huongeza chochote kwenye kazi yake au hulichakaza jina lake tu. Kwa maoni yangu, inategemea kama wanamuziki walikaa chumba kimoja wakasikilizana kabla ya kuanza kuwafikiria wanunuzi, na ushahidi wangu ni Present, albamu ya Van der Graaf Generator iliyotoka mwaka 2005.

Bendi hii ya Uingereza ilivunjika mwaka 1978. Waliorudi ni wale wanne wa albamu za Pawn Hearts ya 1971 na Godbluff ya 1975: Peter Hammill, mwimbaji ambaye pia hupiga gitaa na piano, Hugh Banton kwenye kinanda, Guy Evans kwenye ngoma, na David Jackson kwenye saksafoni na filimbi. Mara ya mwisho wanne hao kutoa albamu pamoja ilikuwa World Record ya mwaka 1976. Hammill alikuwa amepatwa na mshtuko wa moyo Desemba 2003, na bado Februari 2004 walijifungia katika nyumba moja huko Devon wakaanza kurekodi.

Present ina diski mbili, na ya kwanza ina vipande sita. Every Bloody Emperor huanza kwa upole, filimbi ikitangulia, kisha sauti ya Hammill inapanda hatua kwa hatua hadi inakuwa shutuma ya wazi dhidi ya watawala na uongo wao. Sauti hiyo imepata mikwaruzo ya umri, nayo mikwaruzo hiyo inaufaa sana wimbo. Katika Nutter Alert saksafoni na kinanda vinasukumana kama zamani, na msikilizaji makini atagundua kwamba hakuna mpiga gitaa la besi wa kudumu hapa: Banton ameizoea kazi hiyo kwa miguu, kwenye pedali za kinanda chake, na ndiyo sababu sauti nzito na nyepesi za bendi hii husogea pamoja kwa namna ambayo bendi nyingine za roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu na tata, hazina. In Babelsberg hainigusi sana; gitaa lake ni zito kuliko wazo lililobebwa.

Mashabiki wengi huisikiliza diski ya pili mara moja na kuiweka kando, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Ni zaidi ya saa nzima ya vipande kumi visivyoandikwa kabla, wanne hao wakipiga kinachowajia. Kuna mahali panapolegea, sikatai. Lakini humo ndimo unamosikia mmoja akipunguza mkono ili mwenzake apite, mwingine akijaribu njia, akaiacha, kisha akaifuata ya mwenziwe. Hakuna pesa inayoweza kununua masikilizano ya namna hiyo, na bila hayo nyimbo za diski ya kwanza zingekuwa mazoezi ya kukumbuka tu.

Ilinganisheni na Union, albamu ya bendi ya Yes ya mwaka 1991. Wanamuziki wanane walitajwa kuwa wanachama, ilhali nyimbo zilitokana na miradi miwili iliyounganishwa, na wapigaji wa kukodiwa wakaingizwa studio kujaza sehemu nyingi. Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, hakuficha kwamba aliichukia. Vipaji vilikuwepo tele. Kilichokosekana ni kile chumba kimoja.

Tarehe 6 Mei 2005 Van der Graaf Generator walipanda jukwaa la Royal Festival Hall jijini London. Baada ya maonyesho ya mwaka huo Jackson aliondoka, na watatu waliobaki wakatoa Trisector mwaka 2008, albamu nzuri yenye nidhamu, ambayo hata hivyo kila ninapoisikiliza nakuta sikio langu likiitafuta saksafoni.