Shangazi, Idd yangu imemezwa na sikukuu zao

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Göteborg, Uswidi, mwaka wa tisa sasa. Mume wangu ni wa huku, alisilimu tulipooana, na tuna watoto wawili, wa miaka saba na minne. Kuanzia Februari hadi Aprili nyumba yangu si yangu: mara semla, ile mikate yao mitamu ya krimu, mara likizo ya michezo ya shule, mara Pasaka. Mama mkwe huleta matawi yaliyofungwa manyoya ya rangi, na anataka wajukuu wavae kama wachawi wakaombe pipi kwa majirani. Mwaka huu Idd ilipoingia, baba yao alikwenda kazini, mkubwa akaenda shule, nikala pilau na mdogo tu. Nililia jikoni. Na zile semla nilizompelekea mama mkwe Februari zilikuwa ngumu kama mawe. Alizila kwa upole, nikazidi kuona aibu. Je, niwakatalie watoto mambo haya?*
*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu, na pole kwa machozi ya jikoni. Kula Idd bila mtu wa kumpa mkono kunauma.

Lakini usiwakatalie watoto. Katika barua yako yote sioni mahali mama mkwe alipokuzuia. Ninaona kwamba sikukuu yake ina tarehe ukutani, ina chakula chake, na kila mtoto ana kazi yake, kwa hiyo hakuna anayeisahau. Idd yako ulikaa nayo moyoni mpaka mwezi ukaandama. Saa hiyo mume ameshapangiwa zamu, na shule haiwezi kutoa ruhusa usiku wa manane.

Anza na kalenda ya mwakani. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari, na Idd tarehe 9 au 10 Machi, Jumanne au Jumatano. Pasaka yao ni tarehe 28 Machi. Ziandike zote kwa kalamu moja kwenye kalenda moja. Mwezi Januari mume aombe likizo ya Idd, kabla wenzake wa kazini hawajagawana siku. Shuleni, ruhusa ya mwanafunzi huamuliwa na mwalimu mkuu, nao huiita *ledighet*. Iombe kwa maandishi wiki tatu au nne kabla, utaje tarehe zote mbili, na ueleze kwamba siku yenyewe itathibitishwa na mwezi. Wazazi wengi hukwama hapa: husubiri wapate uhakika, kisha huonekana wamekurupuka.

Kisha mpe mama mkwe kazi. Mweleze mkono wa Idd: mkubwa wa nyumba huwapa watoto pesa kidogo wanapokuja kumsalimia na nguo mpya. Mwombe awe yeye. Kule pesa taslimu hazishikwi sana siku hizi, basi mwambie mapema atafute sarafu za krona, maana mtoto wa miaka minne hafurahii pesa ya kwenye simu. Akishindwa kuja siku yenyewe, mwalike Jumamosi ya tarehe 13 Machi. Pilau ya Jumamosi ni pilau ya Idd bado.

Sasa semla, maana nahisi aibu ile ndiyo iliyokuvunja zaidi. Mkono wako hauna kasoro. Umezipika semla kama mahamri. Vyote viwili ni ngano, hamira, sukari na iliki, ndiyo maana mtu wa Tanga anaviona ndugu. Lakini donge la mahamri linasukumwa kwa kifimbo na kuchomwa kwenye mafuta, kwa hiyo unalitaka likaze. Donge la semla linakwenda kwenye oveni, na lazima libaki laini, linatanata kidogo vidoleni. Ulipoona linanata, naamini uliongeza unga. Ule unga wa kuongeza ndio uliokupa mawe.

Kwa semla kama kumi na mbili hadi kumi na nne: yeyusha siagi gramu 100, tia maziwa desilita 3 (yaani mililita 300), upashe mpaka joto la kidole, nyuzi 37 hivi. Yakikuunguza, hamira itakufa. Vunjia humo hamira mbichi gramu 50, kile kipande kizima, na uchague pakiti iliyoandikwa *för söta degar*, yaani ya madonge matamu, kwa sababu hiyo inahimili sukari. Tia sukari desilita 1, chumvi nusu kijiko cha chai na iliki vijiko viwili vya chai. Twanga punje mwenyewe kwenye kinu, zibaki na chengachenga, maana iliki ya kopo imeshapoteza harufu. Unga uwe desilita 8, na moja uiweke kando kwa tahadhari. Kanda dakika kumi kamili, mpaka donge liachie kuta za bakuli huku likiwa bado laini.

Hapo funika usubiri dakika arobaini. Tanga jiko lenyewe lina joto, donge linaumuka ukiwa unafagia. Göteborg mwezi wa pili, karibu na dirisha, linalala tu. Weka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka. Usiiangalie saa, liangalie donge, liwe maradufu. Viringa matonge, yaumuke tena nusu saa, paka yai, uoke nyuzi 225 kwa dakika nane hadi kumi. Yafunike kwa kitambaa mpaka yapoe kabisa, la sivyo krimu itayeyuka.

Kata kofia, chokoa ndani, changanya zile chenga na *mandelmassa* (lozi zilizosagwa na sukari) gramu 200 iliyokwaruzwa na maziwa kidogo, urudishe shimoni. Usinunue marsipan kwa kudhani ni kitu kimoja. Ile ina sukari nyingi na lozi chache. Juu weka krimu iliyopigwa ikiwa baridi, rudisha kofia, nyunyiza sukari ya unga. Wazee wao wengine huila ndani ya bakuli la maziwa ya moto. Mfalme wao Adolf Fredrik alifariki tarehe 12 Februari 1771 baada ya mlo mzito uliomalizikia kwa semla za namna hiyo, na Waswidi wanakihadithia kisa hicho hadi leo.

Siku yenyewe ya semla mwakani, *fettisdagen*, ni Jumanne tarehe 9 Februari, na utakuwa umefunga. Mama mkwe akikualika kahawa ya saa tisa mchana, mwombe asogeze mpaka saa kumi na moja, maana jua la Göteborg siku hiyo linazama karibu na saa hiyo. Utafuturu kwa tende na semla mezani kwake. Wiki inayofuata, tarehe 15 hadi 19, watoto wa Göteborg wako kwenye likizo ya michezo. Mkubwa hana shule, anaweza kuamka daku na wewe na kufunga mpaka adhuhuri.

Kuhusu wachawi, najua kwetu neno hilo halichezewi. Kwao ni masalia ya hadithi ya zamani, kwamba Alhamisi kabla ya Pasaka wachawi waliruka kwenda Blåkulla, mahali pa hadithini pa kukutana na shetani. Siku hizi mtoto hujifunga kilemba na aproni, hupakwa madoa mashavuni, hubeba birika, na hutoa kadi aliyoichora ili apewe pipi. Upande wenu wa magharibi hufanyika Jumamosi. Kaa na mume mkubaliane kabla bibi hajaleta nguo. Maoni yangu: kilemba cha khanga, birika na kadi viwepo, ufagio ubaki nyumbani, na mtoto aambiwe anakwenda kuwatakia majirani heri.

Jambo la kulikazania ni pipi zenyewe. Nyingi za kule zina jelatini ya nguruwe. Soma nyuma ya pakiti: ukiona *gelatin* bila maelezo, iache. Zenye *pektin* (ya matunda) au *stärkelse* (wanga) peke yake zinafaa. Mwandikie mama mkwe orodha fupi kabla hajajaza yale mayai makubwa ya karatasi. Usiwanyang'anye watoto mbele yake baadaye. Na asubuhi ya Pasaka, tarehe 28, saa zinasogezwa mbele saa moja, basi rekebisha ya ukutani usiku wake msichelewe mlo wa bibi.

Semla zifanyie majaribio Januari, nusu ya kipimo. Zikitoka ngumu tena, niandikie unitajie maziwa yalikuwa na joto gani na unga uliotia ulifika desilita ngapi.