Potasiamu ya ampuli haichomwi moja kwa moja mshipani
Je, mgonjwa aliyepungukiwa sana na potasiamu anaweza kuchomwa mshipani dawa ya ampuli, yaani kichupa kidogo cha dawa ya sindano, bila kuzimuliwa? Hapana, muuguzi hachomi kloridi ya potasiamu iliyokolea moja kwa moja mshipani, hata upungufu wa mgonjwa uwe mkubwa kiasi gani, kwa sababu ikiingia kwa kasi husimamisha moyo. Ni lazima izimuliwe kwanza kwenye chupa ya dripu, chupa igeuzwegeuzwe ili dawa isitulie chini, kisha itiririshwe taratibu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza dawa hii idhibitiwe kwa namna ya pekee, na kwa haki kabisa, maana ampuli yake huweza kufanana mno na ya maji ya kuchanganyia dawa. Muuguzi wa pili aisome lebo kabla ampuli haijafunguliwa. Kasi ya dripu hutegemea vipimo vya damu na hali ya figo, hivyo daktari aiandike waziwazi.