Re: Niwaombe wavae mavazi ya zamani kabla ya kupiga picha?

Ndugu, umeuliza kama ni sawa kuwaomba wazee wavae kikale na uondoe simu na ndoo za plastiki kwenye fremu, ili picha "ioneshe utamaduni halisi". Usifanye hivyo.

Edward Curtis, mpiga picha Mmarekani, alipita njia hiyo kabla yako. Kati ya 1907 na 1930 alitoa juzuu 20 za picha za wenyeji asilia wa Marekani. Kazi kubwa, sikatai. Lakini kuna picha yake ya wanaume wawili wa kabila la Piegan wameketi ndani ya hema, na katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Katika toleo lililochapishwa, saa imefutwa. Leo watu wanaizungumzia zaidi saa ile kuliko hao wanaume! Saa ilikuwepo pale kweli.

Kwa hiyo mpige picha bibi anavyosuka mkeka, simu ikiwa pembeni. Sogea karibu na vidole: anashikaje ukindu, anaanzia wapi ukingo. Halafu rekodi sauti yake akitaja kila hatua kwa lugha yake, maana picha bila maneno hayo baada ya miaka 50 itabaki pambo tu. Maelezo andika siku hiyohiyo (mimi nikiahirisha husahau nusu).

Matambiko uliza kwanza, na wakikataa funga kamera. Nakala za picha warudishie zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi. Kiungo cha intaneti hakitundikwi ukutani.