Uliza Mzee wa Spana: Hema, pikipiki na maji ya bamvua

SWALI: Mzee wa Spana, shikamoo. Mimi ni kijana wa Lamu, nafundisha shule huku mjini Hindi, na nina pikipiki, Boxer 150 ya mwaka juzi. Likizo ya Desemba nataka kwenda peke yangu mpaka mbuga ya bahari ya Malindi, nilale kwenye hema siku tatu, nione matumbawe, kisha nirudi. Sijawahi kulala kwenye hema. Mamangu, akaaye mtaa wa Langoni, aliposikia alisema, "Utalala nde kama paka?" Nijiandae vipi, na mama nimjibu nini?
— Mwenye Boxer, Hindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wengi wakiniandikia kuhusu safari huanza na tairi. Wewe kabla hujagusa tairi, tazama ile kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu. Tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Tarehe nane na ishirini na mbili hivi ni maji mafu: hujaa kidogo na kutoka kidogo. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa mtu anayetaka kuona matumbawe hiyo ni neema, maana saa nne asubuhi bahari ni ya kina kifupi na mashua zenye sakafu ya kioo ndipo zinapotoka. Kwa mwenye hema ni mtihani.

Najua kwa sababu niliufeli. Miaka kumi na kitu iliyopita nilifika ufukwe wa upande wa Mambrui saa nne za usiku, mwezi mpevu, mchanga mpana kama uwanja wa mpira na mgumu kama sakafu. Nikasema, mbona watu hulipa pesa kulala? Nikasimamisha hema, na pikipiki nikaiweka mbele yangu, upande wa bahari, ili niione nikifungua macho. Kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia kitu kinaburutwa, kama mtu anavuta gunia la nazi. Ilikuwa maji. Stendi ilikuwa imezama mchangani, pikipiki imelala ubavu, ekzosi inakunywa chumvi. Wavuvi wawili waliokuwa wakienda kwenye ngalawa yao ndio walionisaidia kuivuta, na mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni mtu wa bara.

Fundi alipofungua nati ya chini ya injini, oili ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Tukaimwaga, tukaisafisha, tukaweka mpya mara mbili. Injini ikapona. Nyaya hazikupona. Miezi mitatu baadaye taa zikaanza kuzima zenyewe, na kila soketi tuliyofungua ilikuwa na ukungu wa kijani ndani.

Basi hema lako lisikae mchangani hata dakika moja. Ofisi za mbuga ziko Casuarina, kusini mwa mji, umbali wa kilomita tano hivi kutoka katikati ya Malindi, na jina lenyewe ni la mivinje iliyosimama pale. Piga simu KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, kabla hujatoka Hindi, uulize nafasi ya hema na ada ya siku hizo, maana ada hubadilika. Malipo ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, hawashiki noti. Na chupa za maji za plastiki, zile za kutumia mara moja, ziache nyumbani: tangu Juni 2020 haziruhusiwi ndani ya mbuga zetu. Beba dumu la lita tano. Pikipiki iegeshe ndani, mbali na ufukwe, na chini ya stendi weka kipande cha ubao upana wa kiganja. Usijaribu kuiendesha mchangani usiku hata ukiwaona vijana wengine wakifanya hivyo. Kasa hupanda kutaga kwenye fukwe hizi, na watoto wao wakitoka mayaini hufuata mwanga. Taa yako itawapeleka barabarani.

Kila jioni mwagia pikipiki maji baridi, ya kisima, si ya bahari. Usitumie mpira wa maji wenye nguvu. Ndoo na kitambaa vinatosha. Kisha cheni ipake oili. Upepo wa kaskazi hubeba chumvi usiyoiona, na siku tatu zatosha cheni kuwa nyekundu.

Sasa njia. Kutoka Hindi mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita mia mbili, lami, kupitia Witu, Gamba, Minjila na Gongoni. Ondoka jua limekwisha kutoka, uwe Malindi kabla ya Alasiri. Kipande cha Hindi mpaka Minjila usikipite usiku kwa hali yoyote. Ni mambo ya usalama, na mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi na mimi. Kwenye vizuizi vya askari zima injini, vua helmeti, toa kitambulisho kabla hujaombwa. Na uliza hali ya Mto Tana kwa madereva wa mabasi siku moja kabla. Mwishoni mwa 2023 maji yaliikata barabara upande wa Gamba, na Desemba mvua za vuli huwa hazijasahau kazi yao. Ikikatika, ahirisha. Boxer si mtumbwi.

Karibu na kuingia Malindi utavuka daraja la mto Sabaki. Simama pembeni uangalie maji. Yakiwa mekundu ya udongo mzito, ujue matope hayo yanamwagika baharini na kaskazi inayasukuma kuelekea kusini, huko huko unakokwenda. Lala zako Malindi, lakini siku ya pili shuka hadi Watamu kupitia Gede, ukatazame matumbawe ya huko. Mbuga ya Malindi na ya Watamu zilitangazwa pamoja, 1968, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa nusu saa tu kwa pikipiki.

Mzigo: hema, mkeka, chandarua, tochi, sufuria moja, tyubu mbili, pampu ya mkono, spana ya gurudumu la nyuma, plagi. Jiko usibebe, Malindi mbaazi na mahamri huzipata kabla hujavaa viatu. Kizito kikae chini na mbele, karibu na mgongo wako, si juu ya keria nyuma kabisa, ama pikipiki itakuyumba kwenye upepo wa Garsen ukadhani tairi limepasuka. Na kabla ya safari lala usiku mmoja kwenye hema hilo juu ya dari ya nyumba yenu, ujue kamba ipi ni ya wapi ungali na taa.

Kuhusu mama. Usimbishie. Mwambie paka wa Langoni hulala baraza aipendayo bila kumuaga mtu, lakini wewe utalala mahali palipolipiwa, pana lango na askari. Kisha mpigie ukiwa Witu, ukiwa Minjila, na ukishavuka Sabaki. Ukichelewa simu ya Minjila hata robo saa, atanipigia mimi.