Usimshikie mtu simu yake: kwa nyinyi mlioanza kazi maktaba

Asalaam aleikum vijana. Wiki hii mmeonyeshwa rafu na zile namba za Dewey za kupangia vitabu, hizo mtazizoea tu ndani ya mwezi, lakini kuna upande mwengine wa kazi hii ambao mimi nilipoanza hakuna alienifunza na ndo unaokula nusu ya siku yangu hapa Lamu. Watu wengi wanaoingia mlango ule siku hizi hawaji kuazima kitabu. Wanakuja na simu mkononi na shida imo ndani ya simu.

Sasa nawaomba jambo moja, usimshikie mtu simu yake. Mama akikwambia "mwanangu hebu nifanyie" mvutie kiti, kaa ubavuni mwake, mwambie bonyeza hapo mama, sasa hapo, hata kama nyuma kuna foleni. Najua wewe ungemaliza kwa dakika mbili na yeye atachukua nusu saa. Lakini ukimfanyia kesho yuarudi kwa jambo lilelile, na siku ambayo wewe hupo atampa simu mtu mwengine ambae hatumjui.

Kuna msichana alikuja mwaka jana, kamaliza shule, alama nzuri mashallah, ataka kuomba mkopo wa masomo wa HELB na imeili haifunguki. Kumuuliza polepole, kumbe ile imeili alifunguliwa kwenye saiba siku alipopata kitambulisho, na kijana wa pale akatia namba yake yeye ndo iwe namba ya kurudishia akaunti, paswadi kaiandika kwenye kikaratasi, kikaratasi kimefuliwa pamoja na buibui. Yule kijana kashahama mji na laini haipatikani. Na imeili hiohio ndo aliyofungulia eCitizen ya huduma za serikali na PIN ya KRA ya kodi. Siku tatu tulikaa pale kompyuta ya pembeni, Google yamwambia tumetuma namba kwenye simu inayoishia na tarakimu fulani, na simu si yake. Hatukuipata. Ikabidi aanze kubadilisha imeili kila mahali moja moja na huku siku za maombi zaenda, na nilimuona akilia kimyakimya akijifuta kwa ncha ya mtandio. Tangu siku hio mtu akifungua imeili kwetu namba ni ya kwake, laini imesajiliwa kwa jina lake, na paswadi ataiandika kwa mkono wake kwenye daftari linalokaa nyumbani, wewe wakati anaandika geuka uangalie dirishani.

WhatsApp ndo balaa kubwa ya watu wazima. Mtindo ni huu, ujumbe unatoka kwa mtu unaemjua kabisa, labda dada yako wa Matondoni, akwambia "nimekutumia namba sita kwa makosa, nirudishie". Ukizirudisha akaunti yako imeenda, na sasa wao ndo watawaomba hela jamaa zako kwa jina lako, kama walivyomfanya dada yako kabla yako. Zile namba sita ndo ufunguo wa WhatsApp yako, hazirudishwi kwa mtu yeyote, hata mama mzazi. Na kila anaekuja kwetu mfundisheni kuingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, aweke pini yake mwenyewe ya tarakimu sita, maana hapo hata mwizi akizipata zile za meseji atakwama kwenye pini. Asiweke tarehe ya kuzaliwa. Watu wote waweka tarehe ya kuzaliwa.

Habari za magrupu nazo. Kuna siku ya kusi kali ilizunguka picha ya chombo kimepinduka, maneno chini yake "sasa hivi, watu wetu", na kwa mji kama huu ambapo kila nyumba ina mtu baharini mwajua wenyewe ilikuaje, watu walikimbilia gatini bila viatu. Nilikua na ami yangu mmoja hapa mezani mikono yamtetema. Nikamwambia ami tazama hapo juu, kuna mishale miwili, hio maana yake ujumbe umeshapita mikono mingi sana kabla ya kukufikia wewe, kitu cha "sasa hivi" kimepitaje mikono yote hio? (Tangu 2020 ujumbe wa mishale miwili WhatsApp haikubali kuufowadi ila kwa chati moja moja, kwa sababu hiohio ya uvumi.) Halafu tukaitia ile picha kwenye Google Lens, yeye mwenyewe akibonyeza, ikatoka kwenye habari ya zamani ya nchi nyengine kabisa. Alishusha pumzi ile ndefu. Siku hizi yeye ndo huwakagulia wenzake barazani, na mimi nimefurahi kuliko vitabu vyote nilivyoazimisha mwaka ule.

Intaneti ikikatika msifunge chumba, kompyuta mbili zina programu ya Kiwix na humo mna Wikipedia ya Kiswahili nzima, yafanya kazi bila bando, wanafunzi waonyesheni.

Kwenye ukurasa wetu wa Facebook, picha za watoto wakisoma zilikua ndo zapendwa sana na mimi nilizipost kweli, sura wazi na sare za shule zasomeka jina. Akaja mama mmoja kaniuliza kwa upole nani alinipa ruhusa, na sikua na jibu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema taarifa za mtoto zataka idhini ya mzazi au mlezi. Nilizitoa zote usiku uleule. Piga picha ya mikono na kitabu, piga migongo, yatosha.

Na jioni kabla ya kufunga. Watu wakishafunga dirisha la faragha (incognito) hudhani kila kitu kimefutika, la, historia imefutika lakini faili walizopakua zipo palepale. Kila siku mimi hukuta vitambulisho vya watu, vyeti vya kuzaliwa, barua za hospitali, vimelala kwenye folda ya Downloads, yeyote atakaekaa asubuhi aweza kuvifungua. Kwa hivyo saa kumi na moja kasorobo pita kila kompyuta, toa mtu yeyote aliebaki ndani ya akaunti, futa vilivyomo kwenye hio folda, halafu na tupio pia lifute, usifungue kusoma ni cha nani. Ukikuta fleshi imesahauliwa iweke kwenye droo yangu ya kulia, mwenyewe atakuja.