Mwenzangu kambini ananisema kwa Kiswahili wazungu wasielewe

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi kijana wa Mombasa, niko Maine huku Marekani na viza ya J-1, kaunsela kwenye kambi ya watoto ya kiangazi. Mimi ni gei ila hapa sijamwambia mtu, sasa kuna kaunsela mwenzangu, naye wa kwetu tena, aliona picha kwa simu yangu na tangu hapo tukikaa kula ananirushia maneno kwa Kiswahili, juzi kasema mtu kama mimi hafai kulala kebini moja na watoto. Na watoto wenyewe mtu akikosa goli wanamwita gei. Nikisema si viza itakatwa? Na akituma maneno nyumbani je?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Hilo la kebini ndo baya kuliko yote, usingoje limfikie mkurugenzi kwa mdomo wa huyo jamaa. Andika leo tarehe, nani alikuwepo, maneno yenyewe kwa Kiswahili na tafsiri chini yake, upeleke. Kujitangaza si lazima, sema tu ananitukana kazini na ananizushia kuhusu watoto.

Viza: kambi inaweza kukuachisha kazi, lakini programu ya J-1 anaikatisha sponsa, yaani shirika lililokupa ile fomu ya viza, DS-2019, kwa hiyo mpigie akusikie wewe kwanza. Akikupuuza, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina laini ya dharura ya watu wa J-1.

Utaambiwa Mahakama ya Juu huko ilishakataza 2020 mtu kufukuzwa kazi kwa kuwa gei, na ni kweli, ila sheria yenyewe inambana mwajiri mwenye watu 15 kwa wiki 20 za mwaka na kambi nyingi hata hazifiki huko. Bahati yako ni Maine, jimbo lina sheria yake tangu 2005 na mwajiri mdogo pia imo, una siku 300 za kulalamika. (Kambi ikiwa ya kanisa, uliza kwanza kama sheria hiyo inaibana.)

Watoto wala wasikusumbue, "hapa hatutukanani hivyo, haya chezeni", basi, hotuba ya nini. Ila iwe kila siku, ukinyamaza mara moja tu wamekuzoea.

Nyumbani sikudanganyi, kifungu cha 162 cha sheria ya jinai Kenya, kile kinachotumika dhidi ya magei, bado kipo, 2019 korti ilikataa kukiondoa. Mtafute ndugu mmoja unayemwamini ajue kutoka kwako, na hizo picha zitoe kwa simu leo leo.